Mashine Tatu na Shamba Moja ya Maharagi

Nakumbuka majina yote. Sijisifu, ni kama ugonjwa. Nikikutana na muntu ku soko ya Nyabiondo, namukumbuka na jina ya ubatizo, na jina ya nyumbani, na ya babu yake aliyeirithi, na ile ya kejeli yenye wenzake wa masomo walimubandika. Lakini humu sitaandika hata moja. Nikiandika moja, wengine watakuja mbele ya mulango kuniuliza sababu gani nimewaacha. Tena kuna jina moja ambayo mimi siitamuki hata mukinifunga, na hiyo njo ilileta maneno yote haya.

Kwetu mwanamuke akiolewa hatamuki jina ya baba mukwe. Ni heshima. Baba mukwe wangu aliitwa kwa jina ya ndege fulani wa huku mulimani. Basi tangu siku nilipoingia mu nyumba yao, ndege huyo namuita "ule wa mukia murefu". Watoto wangu walikua wakidhani njo jina yake ya kweli. Mumoja alianguka mutihani juu ya hiyo.

Huyo baba mukwe alinikatia shamba mwaka niliyoolewa, ku mutelemuko, upande wenye jua linagusa kwanza. Nililima maharagi pale mpaka vita ikatusukuma mu kambi ya Kitshanga, na tuliporudi nikaendelea kulima pale pale. Bwana yangu hakurudi, tulimuzika kule. Ku familia alibaki mudogo wake, shemeji yangu, muntu wa kucheka sana, mwenye kukuibia kuku huku anakusaidia kumutafuta.

Watu walipokuwa wamerudi, kijiji kikaweka kamati ya kuandika mashamba. Kila shamba murongo wake: iko wapi, ya nani, nani aliitoa. Sekretere wa masomo njo alikuwa na ordinatere, ile kompyuta, akapita nyumba kwa nyumba na daftari.

"Mama, hili shamba nani alikupa?"

"Yule mwenye alizaa bwana yangu."

"Jina yake?"

"Si unaijua?"

"Nitaijua wapi? Mimi natoka Karuba, Mama."

"Basi uliza wengine."

Alisema atauliza. Hakuuliza. Pale pa mwenye kutoa aliacha patupu, akaenda zake, na mimi nikarudi ku maharagi yangu nikiwa na heshima yangu yote.

Kumbe patupu ni mulango wazi. Orodha ile ilitembea mu klé za kila namna, vile vidude vya kuchomeka mu mashine. Moja iliingia mu mashine ya paruwasi, kule ku kanisa, mahali shemeji alikuwa mu kamati, naye akasema: kama hakuna aliyelitoa, basi shamba ni ya familia, na mukubwa wa familia leo ni mimi. Wakaandika jina yake. Ingine ilifika Walikale, ku wale wenzetu wenye hawajarudi bado, na wao, watu wa haki, wakaandika kwamba shamba haina mwenyewe, wakairudisha kwetu. Tukawa na orodha tatu. Mu ya kwanza nilikuwa na shamba, mu ya pili shemeji alikuwa nayo, mu ya tatu ilikuwa ya upepo. Na chef wa kijiji akatangaza: Jumamosi, mbele ya wote, atatia saini orodha moja. Yenye itakuwa imeandikwa, imeandikwa.

Mujukuu yangu wa kike alifika Jumanne kutoka Goma, nyuma ya moto, pikipiki ya kukodi, na matope mpaka mu nyusi. Alisoma enformatike kule. Nilimueleza, akacheka, halafu akaacha kucheka. Mimi ananiita Koko, bibi yake.

"Koko, dawa iko. Kuna programu yenye inashika kila badiliko. Nani alibadilisha, siku gani, sababu gani. Hakuna kitu kinafutika."

"Hiyo njo mimi," nikamuambia.

"Wewe hautiangi saini, Koko."

Alitaka kuiweka mu mashine zote tatu: yake mwenyewe, ya masomo na ya paruwasi, ili orodha zikae pamoja na zitazamane. Nikafikiri ni kazi ya kuchomeka klé na kunywa chai. Hapana. Mashine zetu ni za kizamani, ile programu yenye iko tayari inazikataa, na ya kuzifaa haiko. Na network huku kwetu ni ya kupandia mulima. Basi alileta programu mbichi, yenye anaita code source, ya kupikia hapa hapa. Hiyo nilielewa mara moja. Kuna muntu mwenye kununua unga, na kuna muntu mwenye kungoa muhogo chungu, kuulovya, kuuanika, kuutwanga, na mwisho wote wawili wanakula bugali. Tofauti ni kwamba muhogo hauniulizi maswali.

Alianza na mashine yake, ya Linux, mu sale ya mikutano ya paruwasi, sababu pale njo kuna pano ya jua ya kuleta umeme. Kabla ya kupika, programu inatuma kwanza mwenye kuuliza. Hii iko? Iko. Na ile? Iko. Na hii ingine? Haiko. Basi inasimama. Umetafuta ile, umeweka, inaanza tena kuuliza kuanzia mwanzo kama haikukuona, halafu inagundua kwamba inakosa kitu kingine. Nilijua hao watu. Ni wajomba siku ya kupokea mahari: umefikisha mbuzi, wanakumbuka blanketi ya shangazi.

Lakini mashine ya Linux ilikuwa mukwe mwema. Saa ya kula ilikuwa imekwisha kukubali. Maandishi madogo yalipanda mu kioo, mbio, bila mwisho, na katekista mwenye alikuwa anapita akavua kofia.

"Inaomba nini?"

"Inapikwa, Papa."

"Aaa." Akarudisha kofia, lakini pole pole.

Jumatano tulishuka ku masomo. Mashine ya pale ni ya Windows, na mujukuu yangu alilazimika kwanza kuijengea ndani kajiko kadogo ka kupikia ile programu. Kajiko kakasimama. Akawasha, na mashine ikasema haiwezi, juu faili zote zimetoka mu siku zenye hazijafika.

Sekretere akaogopa. "Ni virusi?"

"Papa, hii mashine inadhani leo ni lini?"

Wakatazama. Kabatiri kake ka ndani, kenye kushika tarehe, kalikufa zamani. Kila ikizimwa inasahau kila kitu, na kila asubuhi inaamuka mu siku ileile moja, wakati huyu mujukuu yangu alikuwa anatambaa. Miaka yote sekretere alikuwa anaandika matokeo ya wanafunzi wenye hawajazaliwa. Nilikaa ku benchi nikaihurumia ile mashine: bado haijui vita, bado haijui kambi, bwana yangu bado anatembea. Nilitaka kusema waiache. Lakini mujukuu yangu aliipa tarehe ya leo, ikakubali bila kulia, na tangu pale ilipika vizuri mpaka mawingu yakafunika jua na umeme ikaisha. Alhamisi asubuhi tukaanza tena, pamoja na tarehe.

Ya tatu ilikuwa mashine nyeupe ya paruwasi, yenye tunda limeng'atwa mu mugongo. Padri mumoja aliiacha alipohama. Ilikuwa nzuri, baridi, na haikutaka kupika kabisa. Ilisema inahitaji vyombo vyake yenyewe, vya kwao, si vya muntu mwingine, na vyombo hivyo viko mu internet na ni vizito kuliko programu yenyewe mara nyingi sana.

"Ni kama mugeni mwenye kukataa sahani zetu," nikasema.

"Ni kama Koko," akajibu, "na jina ya baba mukwe."

Nilimutazama. Alitazama kioo.

Alipanda mulima kupiga simu. Huko Walikale alikuwa na rafiki wa masomo mwenye kutumika mahali penye antene. Rafiki akavuta vile vyombo, akatia mu klé, akampa mumotari, mwenye kuendesha pikipiki, na klé ikalala njiani, ikavuka matope na vizuizi, mu mufuko wa shati. Ijumaa saa tisa ilifika. Mumotari alisema mu kila kizuizi aliulizwa ni nini hii, akajibu ni sahani. Walimuacha apite, hakuna muntu anataka kubishana na mwendawazimu.

Ijumaa jioni kabla ya kengele, mashine zote tatu zilikuwa zinaongea luga moja. Mujukuu yangu alikuwa na macho mekundu na furaha. "Kesho, Koko, hakuna mwenye atabisha. Tutafungua historia, tutaona nani aligusa murongo wako."

Nilimuamini. Niliomba hata kitambaa kipya kwa binti yangu, cha kuvaa siku ya kushinda.

Jumamosi sale ilijaa. Chef alikaa mu meza na mashine ya mujukuu yangu mbele yake. Shemeji alikaa mustari wa kwanza, ameosha viatu.

"Ile orodha ya masomo muitoe," akaanza kabla hatujasalimiana. "Tarehe yake ni ya zamani, kabla ya vita. Itajua nini?"

"Tarehe ilikuwa ya uongo, Papa," mujukuu yangu akajibu. "Ngojeni. Programu itasema nani alibadilisha nini."

Akafungua. Chef akavaa miwani, akasoma, akavua, akasoma tena.

"Mutoto yangu, hapa kunaandikwa wewe."

"Wapi, Papa chef?"

"Ku zote. Orodha ya kwanza, wewe, jana. Ya pili, wewe, jana. Ya tatu, wewe."

"Ni mimi niliziingiza! Haijui mambo ya kabla haijawekwa. Inajua tu kuanzia jana."

Shemeji alipiga mapaja yake kwa mikono. "Kumbe! Tunatafuta mwenye kuchezea mashamba, naye ametuletea saini yake mwenyewe!"

Sale ikacheka, na mimi ningecheka kama shamba ilikuwa ya muntu mwingine. Siku nne za kupika, vizuizi vyote vile, tukapata kitu chenye kukumbuka kila kitu tangu jana. Mujukuu yangu alikuwa anatazama chini, na sikio zake zimewaka. Chef akashika kalamu, akauliza orodha ya paruwasi iko wapi, juu njo ilikuwa imepigwa muhuri.

Nikasimama.

Sikujua nitasema nini, basi nilisema chenye nakijua. Niliwaambia siku ile shamba ilikatwa, na nikaanza kuita majina. Mwenye alishika ncha ya kamba chini. Mwenye aliishika juu. Ndugu wawili wenye walipanda miti ya mupaka, na mumoja alipanda wake kichwa chini, ukaota hivyo hivyo. Mama mwenye alileta kasiksi, ile pombe ya ndizi, na wenye walilewa, kwa mupango wenye walilewa nayo. Kila jina na ya baba yake. Mu kona, muzee mumoja akainua fimbo: "Mimi njo nilikuwa ku ncha ya chini. Nilikuwa na kikohozi." Mama mwingine akasema yule mwenye kulewa wa kwanza alikuwa babu yake, na nisirudie.

"Basi," nikasema, "wakati kamba ilikwisha kunyooshwa, mwenye shamba akasimama katikati, akaweka mukono ku bega langu, akasema: hii ni ya mukamwana wangu, hakuna mwingine. Na huyo aliyesema alikuwa…"

Nikafika pale. Nikasimama.

Muntu wa kwetu anajua. Mukamwana akifika ku jina ile, hamutegemei aendelee. Muntu wa nyumba ile anamusaidia. Ni adabu ya kawaida kabisa, kama kumushikia mulango mwenye kubeba maji. Na shemeji yangu, mwizi wa kuku, ananisaidia hivyo tangu alikuwa mutoto wa suruali fupi: ku kilio, ku ndoa, ku ubatizo, kila nilipofika pale nilisimama, na yeye alisema. Mudomo wake ulifunguka kabla ya akili yake.

Alisema jina ya baba yake. Kubwa, kwa sauti safi, kama ku kanisa.

Halafu akasikia alichosema.

"Umesema nani alilitoa?" chef akauliza.

"Nimemusaidia tu shemeji!"

"Na umesaidia vizuri. Mutoto, andika."

Mujukuu yangu akakaa mbio. Akajaza ile nafasi tupu, akaondoa jina ya shemeji, akarudisha yangu. Programu haikutaka. Ilitaka kwanza jina ya mwenye kubadilisha na anwani yake ya internet.

"Tia yangu," nikasema.

"Anwani hauna, Koko."

Akabuni moja pale pale, na ikakubali. Wiki muzima ilikataa kweli zetu zote; uongo iliupokea mara moja. Halafu ikaomba sababu. Akaandika: mwenye kutoa ametajwa na mutoto wake, mbele ya wote.

Shemeji akasogea karibu, akainama. "Binti, ile murongo yenye ilikuwa na jina yangu, si imefutika?"

"Haifutiki, Papa. Inakaa chini, mu historia."

"Milele?"

"Mu mashine zote tatu."

"Basi andika kwamba nilikuwa nacheza."

Chef akasema kila mwenye shamba asome murongo wake kwa sauti kabla ya saini, ili kesho asiseme hakujua. Wakaniita wa kwanza. Kusoma kwangu ni kwa kidole, herufi kwa herufi, lakini hakuna mwenye alikuwa na haraka. Nikasoma mahali shamba iko. Nikasoma jina yangu. Kidole kikaingia mu nafasi ya tatu, yenye sasa ilikuwa imejaa, na nikasimama.

Chef alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi. Nikageuza kichwa pole pole, nikamutazama shemeji, na watu wote wakamutazama.

Alivuta pumzi, akaitamuka tena.