Raudha, Aliyemsomea Mumewe Barabara

Raudha binti Mansuri alizaliwa Mbugani, mjini Kyela, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Babu yake alitoka Kilwa na mama yake alikuwa Mnyakyusa wa Katumba Songwe, kwa hiyo alikua akisali kwa Kiarabu, akigombana kwa Kinyakyusa na kuuza kwa Kiswahili. Aliolewa na Kheri, dereva wa malori, wakapata binti, Aisha. Kwa miaka mingi Kheri alikuwa akibeba mbao kutoka vilima vya mto Kiwira, huko maji yanakoanguka kwenye mawe na vijinzi vyeusi vinauma kutwa nzima. Biashara ya nje ilipofunguliwa na magari ya mitumba kuanza kumiminika nchini, aliachana na malori, wakafungua duka la vipuri.

Kheri hakuwa mtu wa makuu, ila alitaka jambo moja: kushindana katika mbio za magari za taifa. Wenye mbio wakati ule walikuwa watu wa Dar es Salaam na Arusha, wenye magari mapya na mafundi wa kukodi. Yeye na rafiki yake Sedekia, fundi, walichukua Datsun iliyopinduka, wakainyoosha bodi, wakaichomea mabomba ya chuma ndani ili paa lisiwaangukie, wakaipaka rangi nyekundu. Mtu waliyekubaliana awe msoma ramani akahamia Lilongwe kwa wajomba zake.

"Basi nitasoma mimi," Raudha akasema.

"Utatapika, mama Aisha."

"Nitatapika huku nasoma."

Na kweli alitapika, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, ndani ya mfuko wa plastiki, bila kuruka mstari. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kabla ya mbio wanaipita njia polepole, dereva anataja kila kona na msomaji anaandika. Siku ya mbio, dereva akienda kasi kiasi cha kutokuwa na nafasi ya kufikiri, msomaji anamtajia kilicho mbele. Kulia kali. Mita themanini. Kilima, usipunguze mwendo. Kushoto wazi. Raudha alikuwa na sauti kavu isiyopanda wala kushuka, na Kheri alisema ni kama kushikwa mkono.

Tanga walikuwa wa nane, Arusha wa tano. Kyela wakabandika ukurasa wa gazeti kwenye ukuta wa stendi. Wanawake sokoni walimwita Raudha dereva, akawasahihisha mpaka akachoka.

Morogoro ndiko alikoanza kuona mambo. Walipokuwa wakiipita njia polepole, Kheri hakutaja kona. Alimuuliza, "Wewe unaionaje ile?" Raudha akadhani anamfundisha, akataja, akaandika. Mchana, hotelini, Kheri alinyoosha mkono achukue kikombe cha chai, akashika hewa. Akacheka. Sedekia naye akacheka. Walimaliza wa nne.

Iringa kulikuwa na ukungu mzito. Madereva wakubwa walipunguza mwendo, Kheri hakupunguza. Wakawa wa pili, na watu wakawabeba juu juu. Walipobaki wawili Raudha akamuuliza aliwezaje kukimbia vile katika ukungu.

"Kwangu mimi ukungu ulianza Morogoro," Kheri akasema. "Naona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Pembeni hakuna kitu. Wewe soma, mimi nitafika."

Daktari wa macho, Mbeya, aliuliza maswali machache: kama ngozi humuwasha, kama aliwahi kufanya kazi karibu na maporomoko. Akasema ni usubi, ule ugonjwa wa vijinzi vya mtoni. Kuna vidonge vya kuua vijidudu, akasema, lakini sehemu ya jicho iliyokwisha kufa hairudi.

"Na iliyobaki?" Raudha akauliza.

"Tuombe Mungu, mama."

Njiani kurudi alimsihi mumewe aache. Kheri akajibu kwa upole, na upole huo ndio uliomkata maini. "Nitakuwa kipofu miaka yote iliyobaki. Niachie mwaka huu." Raudha akaenda kwa Sedekia. Sedekia akainamisha kichwa: "Shemeji, nimemwambia. Anasema wewe ukikataa, kuna kijana wa Tukuyu yuko tayari kusoma." Kijana ambaye hakujua lolote. Raudha alilia nyuma ya duka, kisha akaenda kufua ovaroli yake.

Mbio za mwisho wa msimu zilikuwa Mbeya. Watu wa Kyela walipanda mlima kwa malori, na ngoma juu. Kheri akishinda siku hiyo alikuwa na nafasi ya kuwa bingwa wa taifa. Hatua ya kwanza waliongoza. Ya pili ilishuka kati ya mashamba ya viazi, na watu walikuwa wamesimama ukingoni kabisa mwa barabara, kama walivyozoea. Raudha hakuwa ameandika watu. Watu hawaandikwi.

Kwenye kona ya kulia Datsun ilipita ikikwangua umati. Kioo cha pembeni kiling'oka. Raudha aligeuka akaona mama mmoja amekaa chini, mikono kichwani, mzima, kitenge kimechanika. Kheri alikuwa akitabasamu. Hakuwa ameona.

Raudha akanyamaza.

"Soma!"

Kimya.

"Mama Aisha, soma! Kuna nini mbele? Raudha!"

Gari likapungua, likayumba, likasimama katikati ya njia, na Kheri akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Raudha akashuka, akawaita vijana walisukume pembeni. Gari lililofuata likapita na vumbi lake.

"Umeninyang'anya," Kheri akasema.

"Ndiyo."

Ubingwa ulikwenda Arusha. Kheri hakusema naye mpaka masika, ila kuomba maji na kuitikia salamu. Raudha alimpeleka Mbeya tena, kisha Dar es Salaam, Kheri akamezeshwa vidonge, akatiwa matone. Miaka michache baadaye vidonge hivyo vilianza kugawiwa bure vijijini, na Raudha alisimama kwenye foleni pamoja na Aisha, akiwaza vilivyomchelewea Kheri, akashindwa kumtazama mgawaji usoni.

Asubuhi moja Kheri aliamka akakaa kitandani.

"Mbona hujafungua dirisha?" akauliza.

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limefika miguuni pake, na nje watoto wa jirani walikuwa wakielekea shule. Raudha akainuka, akalivuta dirisha taratibu mpaka likafungika, kisha akalifungua tena kwa kishindo ili asikie.

"Ahsante," Kheri akasema.