Rangi ya Jiwe Lililoiva

Watu wa tanuri walimwita Mama Glasi, kwa kuwa kwa miaka ishirini na miwili hakuna jiwe lililotoka kiwandani bila kupita kwenye glasi yake. Jiwe lenyewe ni magnesaiti, jeupe kama chokaa, linalochimbwa kwenye kilima nyuma ya kiwanda. Likichomwa nusu hubaki na kiu ya maji. Hilo husagwa likachanganywa kwenye malisho ya ng'ombe au kwenye sakafu za maghala. Likichomwa mpaka likafa kabisa, huwa zito na gumu, hutengenezwa matofali ya kukinga kuta za matanuri ya kuyeyushia chuma. Kazi ya Mama Glasi ilikuwa kutenga yaliyokufa na yaliyo hai. Alivunja punje chache, akazichemsha kwa maji ndani ya glasi kwa saa tatu. Zikibaki punje, anagonga mhuri. Zikilainika zikawa uji, mzigo unarudi tanurini.

Jumatatu hiyo hakuchemsha.

Alikuwa amechoka, wala si uchovu wa siku moja. Mama mkwe wake alikuwa mwaka wa pili kitandani, wa kugeuzwa na kuoshwa kama mtoto. Mumewe ana mgongo mbovu, hata ndoo haiinui. Mama Glasi alifika kazini akiwa ameshamaliza kazi ya siku nzima. Akautazama mzigo uliopoa, akaiona kahawia iliyokolea, rangi ya jiwe lililoiva. Akajiambia, "Hili hata kipofu analijua." Akagonga mhuri. Kuchoka si dhambi. Dhambi ni kuufanya uchovu kuwa ruhusa.

Alhamisi asubuhi alipita penye lundo la mawe mabichi, akaona mishipa myekundu ambayo hakuizoea. Ile ilikuwa kutu ya chuma. Jiwe lenye chuma hugeuka kahawia mapema, kabla moto haujalimaliza.

"Haya mmeyatoa wapi?" akamuuliza mchimbaji.

"Upande mpya wa kilima, mama. Tuna wiki mbili huko. Kwani hukuambiwa?"

Alichota punje za mzigo wa Jumatatu akaziweka motoni. Hata saa haikutimia, ndani ya glasi kulikuwa na uji.

Lori lilikuwa limeshapakiwa, linangoja hati tu. Mama Glasi alisimama dirishani akiwa na hati mkononi. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Matofali yatanyonya unyevu, yatavimba, yatapasuka, na siku moja chuma cha moto kitapata njia ya kumwagikia miguu ya watu asiowajua. Nani atakuja kumtafuta mchemsha punje? Akisema, jina la miaka ishirini na miwili linakwenda na maji.

Dereva alichungulia. "Mama Glasi, nipe baraka zako niondoke. Matairi yanaota mizizi."

"Zima gari, mwanangu. Mzigo ni mbichi."

"Mbichi? Kwani nimebeba maembe?"

Hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa tanuri, mwanamume mdogo kwake kwa umri, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Mhuri ni wa nani?" msimamizi akauliza.

"Wangu."

"Ulichemsha?"

"Sikuchemsha. Nilitazama rangi."

Msimamizi alijikuna shingo, akapunguza sauti. "Mama, tuandike hivi: wachimbaji hawakukuarifu kwamba wamehamia upande mpya. Si ni kweli?"

"Ni kweli. Lakini ningechemsha, nisingehitaji kuarifiwa."

"Unajua maana yake?"

"Andika, baba. Nina kazi nyumbani."

Akaandika. Kisha akamwomba aache mhuri mezani, bila kumtazama usoni.

Magunia mia tatu yakashushwa kwa mabega. Wapakiaji hawakumficha walichokifikiria.

"Umetuua, Mama Glasi! Jana tuliyapandisha, leo tunayashusha!"

"Angenyamaza angepungukiwa nini?" mwingine akanung'unika.

"Angepungukiwa usingizi," akajibu mzee wao, huku akijifuta jasho. "Shusha, acha domo."

Mama Glasi alikaa nao mpaka gunia la mwisho, akiweka alama nyekundu kwenye kila moja ili lisichanganywe na mengine. Hakuna aliyemshukuru, na hakutarajia. Anayerekebisha kosa lake halipi zaidi ya anachostahili kulipa.

Nyumbani alimkuta mumewe mlangoni.

"Umechelewa."

"Nimenyang'anywa mhuri. Kuanzia kesho nachambua mawe juani na vijana."

"Nani kakusingizia?"

"Hakuna. Nimejishtaki mwenyewe."

"Kwa umri huu, mke wangu?"

"Kwa umri huu."

Sauti nyembamba ya mama mkwe ikaita kutoka chumbani, kwamba ubavu unamuuma. Mama Glasi alinawa vumbi, akaingia, akapitisha mikono chini ya mgongo wa bibi kizee.

"Kazini kwema, mwanangu?"

"Kulikuwa kubaya, mama. Sasa kuna nafuu. Haya, nishike shingoni."