Bi Tarehe na Jumatano Isiyopanda Ndege

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Chumba cha mapokezi cha kliniki ya macho bado kinanuka sabuni ya sakafu, na karani wa miadi ameshabana simu kati ya sikio na bega. Upande wa pili, daktari wa upasuaji anayeishi ng'ambo anapiga miayo. Kwake ni karibu saa tano usiku wa jana.

“Daktari, usiniambie ‘sawa’. Nisomee unachokiona.”

“Jumatano, Bi Tarehe. Iko juu kabisa, haina saa.”

“Rudia, mwanangu.”

Anarudia. Ndipo mama huyu wa miaka hamsini na mbili anapokaa.

Jina la Bi Tarehe alipewa na wenzake kwa utani, na lina kovu. Mwaka jana, kwa umakini uliopitiliza, aliandika siku ya upasuaji kwenye kalenda ya kompyuta kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku. Kompyuta, mtumishi mtiifu asiye na akili, ikamgeuzia daktari saa hizo ziwe za kwao, saa nane nyuma. Jumatano ikaanza Jumanne, saa kumi jioni.

Daktari akaona Jumanne, akaja Jumanne, akakuta viti vitupu. Jioni, kwa tiketi aliyokwisha kukata, akapanda ndege kurudi. Kesho yake wagonjwa kumi na mmoja wakafika, wameshikwa mikono na watoto wao.

“Mzee mmoja aliniuliza, ‘Binti, mimi ndiye kipofu au wewe?’” anasema. Hacheki, ingawa wenzake hucheka.

Alipewa barua: kosa jingine la tarehe, na kiti kitapata mwenyewe mpya. Miaka ishirini na mitatu ya kazi ikaning'inia kwenye tarehe moja.

Wengine wangelaumu mashine. Yeye alimganda fundi wa kompyuta wiki nzima, hadi akaelewa kile kisanduku kidogo kilichoandikwa “siku nzima”. Ukikiwekea alama, kalenda inashika tarehe tupu, haishiki saa, na tarehe tupu haihami.

“Mkutano una saa, kwa hiyo unasafiri,” anawafundisha makarani wapya. “Siku ya kuzaliwa haipandi ndege. Ukiipa saa, umeikatia tiketi.”

Hata hivyo hupiga simu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu aliumwa mbele za watu.

Safari hii orodha ina majina kumi na mawili. La mwisho ni la mama yake mzazi, ambaye kwa miaka mitatu amemtambua bintiye kwa mlio wa viatu. Bi Tarehe anataka jambo moja tu: kesho yake, bandeji ikifunguliwa, avae raba, aingie kimyakimya, aone kama atatambuliwa.

Mama mwenyewe, aliyeketi kando yake pale mapokezi, ana swali moja.

“Hiyo Jumatano ni yako au ya daktari?”

“Yetu sote, mama. Nimemsomesha mara mbili.”

“Msomeshe ya tatu.”

Bi Tarehe anainua simu.