Manju Asiyenunua Dawa

Mwaka ule kwaya yetu ilialikwa Kahama, kwenye mashindano ya uimbaji, na kila kwaya ilitakiwa kwenda na wimbo mpya. Mwandishi wa maneno ya nyimbo zetu ni mimi. Niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha kwa Biblia, kamusi na vitabu vya kuazima. Kwa miaka mingi maneno yalikuja yenyewe. Mwaka ule hayakuja, na mwalimu wa kwaya aliniambia wazi: nikikosa wimbo, tutabaki nyumbani.

Nilifanya kama vitabu vilivyosema. Nilifunga. Nilipanda kwenye majabali nyuma ya kijiji kabla jua halijawa kali, nikakaa kimya nikimsubiri Roho. Nilishuka na mistari yenye vina kamili ambayo, nikiisoma asubuhi yake, ilisikika kama tangazo la mkutano wa kijiji. Niliichana.

Mvua zikashika, majaruba ya mpunga yakajaa maji, na ikafika zamu ya shangazi yangu. Kwetu mpunga hupandikizwa kwa kulimiana, leo kwako, kesho kwangu. Shangazi hajabatizwa wala hana mpango huo. Siku hiyo karibu sote tuliokwenda tulikuwa watu wa kanisa, na tulifanya kazi kimya.

Jambo hilo si la kawaida. Msukuma halimi kimya. Kikundi cha jembe kina manju, ndiye mtunzi, anayeongoza wimbo huku wenzake wakiitikia na mikono ikienda pamoja. Lakini manju wa zamani alikuwa akishindana na mwenzake, akilisifu jina lake mwenyewe, na watu waliamini amenunua dawa kwa mganga ili asishindwe. Kwa ajili hiyo wazee wetu wa kanisa walizikataa nyimbo zile zote, na mahadhi yake pia. Hata mimi, niliyelelewa ndani yake, sikuwahi kufikiri kwamba Mungu angeweza kunitafuta huko.

Shangazi alikuwa juu ya tuta, akitugawia miche.

"Nyie mliookoka," alisema, "mnapanda mpunga au mnazika mtu?"

Akina mama wakacheka, migongo ikiwa bado imeinama.

"Tunaomba kimoyomoyo, shangazi," nilisema.

"Mtamaliza mwezi ujao. Manju wa kijiji cha pili alimpa mganga ng'ombe, akiimba anasikika mpaka barabara ya lami. Wa kwenu amenunua wapi dawa?"

Nilinyoosha mgongo ili nimjibu. Nilikusudia kuongea, lakini kilichotoka kilikuwa wimbo, kwa mahadhi yale yale tuliyokatazwa:

"Wangu hakununua dawa!"

Mama mmoja nyuma yangu akaitikia bila kufikiri: "Hakununua!"

"Aliingia kaburini peke yake!"

"Peke yake!"

"Akatoka bila mganga!"

"Akatoka!"

Jaruba zima likaamka. Mistari ilikuja haraka kuliko nilivyoweza kuipanga, na kila mstari ulikwisha pale mche ulipoingia kwenye tope. Nilimsifu Kristo kama manju anavyojisifu: hana mpinzani, hana deni kwa mtu, mauti yamemwimbia yakashindwa. Nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni na sikuwa na shaka hata kidogo kwamba ninapewa. Shangazi akapiga vigelegele.

"Wabeja!" alisema, akishukuru kwa Kisukuma. "Kumbe ana maneno huyo wa kwenu!"

Kazi ilikwisha jua likiwa bado juu.

Niliifundisha kwaya wimbo ule, ikabaki baraza la wazee, kwa kuwa bila ruhusa yao wimbo hauendi popote. Mzee aliyekuwa mkali kuliko wote aliwahi kuwa manju kabla ya ubatizo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Kijana wangu, unataka kutaja mganga madhabahuni?"

"Ninamtaja kama aliyekosa kazi, mzee."

"Na majivuno? Wimbo huu ni wa majivuno. Mimi naujua, niliuimba."

Swali hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. "Manju alijisifu mwenyewe, mzee. Mimi humu simo hata mstari mmoja. Nimekichukua kiti cha manju, nikamkalisha Bwana."

Aliniomba niurudie polepole, bila kwaya. Nikaurudia. Alikuwa akinitafuta kwenye kila mstari, na hakunipata.

"Nendeni," alisema. "Lakini nitakuja kusikia."

Kahama tulikuta kwaya ya machimboni, kutoka upande wa Geita, ikishusha kinanda na spika kubwa kwenye gari. Kijana wao mmoja alitutazama, akatafuta vyombo vyetu, hakuviona.

"Wa majarubani, mmesahau vyombo?"

"Tumevibeba kifuani," alijibu mama yule aliyeniitikia mara ya kwanza. "Vyenu umeme ukikatika?"

Tuliimba bila chombo chochote. Kufikia mstari wa kaburi, watu waliokuwa wamekaa walianza kuitikia. Hawakufundishwa, ila kila mtoto wa huku anajua mahali pa kuitikia. Ubeti wa mwisho ukumbi wote ulikuwa umesimama, na wale wa machimboni, wengi wao Wasukuma kama sisi, waliimba kwa nguvu kutushinda. "Akatoka!" Nilisikia paa la bati likijibu. Kwa mara ya kwanza sikukumbuka kuhesabu mizani. Nilikuwa ninasali, na maneno yalikuwa yangu, na hayakuwa yangu.

Waamuzi walitutangaza wa kwanza. Katikati ya kelele yule mzee mkali alinifikia, akanishika mkono wala hakuuachia.

"Kwangu bado hatujapandikiza," alisema. "Njooni keshokutwa. Na mje mkiimba."