Siku Makro Ilipomtangaza Mama

Ofisi yetu ya miradi ya maji ina watu Homa Bay na wengine Migori, na mambo yetu yote tunayaandika kwenye wiki, yaani tovuti ya ndani ya timu. Zamani kurasa zake zilikuwa zimezagaa ovyo, na mimi ovyo siivumilii. Nikaweka makro, yaani kijiprogramu, kwenye ukurasa wa mbele. Unaipa lebo, nayo inakusanya kila ukurasa wenye lebo hiyo na kuuorodhesha, ulio mpya ukiwa juu. Lebo ya "visima" ilileta visima. Lebo ya "msiba" ilileta matangazo ya misiba, maana kwetu mwenzako akifiwa lazima timu ifike nyumbani kwake. Nilisifiwa mkutanoni, na kichwa kilivimba kwelikweli.

Kisha Jumapili moja jirani yetu wa Karungu, kijijini anakokaa mama, akanipigia simu kwamba mama ni mgonjwa sana, hata uji unamshinda. Niliogopa. Mwingine angeondoka saa hiyo hiyo akakae na mamake. Mimi nilifungua kompyuta. Nilichukua kiolezo cha tangazo la msiba nikaanza kuandika wasifu wake, eti siku ikifika nisije nikababaika. Kumwandalia mtu kifo angali hai ni mwiko kwetu, nami nilijua. Kwa hiyo nikauficha ukurasa ndani kabisa ya folda yangu, nikauwekea lebo ya "rasimu", nikalala.

Lakini makro haijali umeuficha ukurasa wapi. Inaangalia lebo tu, na kile kiolezo huja na lebo ya "msiba" tayari. Ilitakiwa niongeze sharti moja, kwamba kurasa za rasimu ziachwe nje. Ni mimi niliyewafundisha wenzangu sharti hilo, tena kwa ukali, nikiwauliza kama wana macho.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Alikuwa mkuu wa ofisi ya Migori, Mkuria wa Kehancha, mtu mpole sana.

"Mkubwa, pole sana. Tuliona tangazo, tukakuja mapema na mkate na sukari. Tuko hapa kwenu Karungu."

Nilifungua wiki: jina la mama lilikuwa juu kabisa ya orodha ya misiba.

"Lakini kuna mama hapa anaanika omena, hawa dagaa wa ziwani," akaendelea. "Anatuuliza tunalilia nani."

"Mama yupi?"

"Anasema ni mamako."

Sijui nilifikaje Karungu. Niliwakuta wenzangu wanakunywa chai, vichwa chini, kila mtu akitazama kikombe chake. Mama alikuwa kwenye kiti chake, amekonda kwa homa iliyomwachia usiku huo, lakini macho makali. Alikuwa amekataa wageni waondoke kabla hawajamsomea walichokiona, na yule Mkuria, maskini, alikuwa amemsomea chote kwenye simu yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilianza kumweleza habari za lebo na makro. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikizungumzia makro mbele ya mama niliyekuwa nimemzika, nikaona aibu zaidi.

"Umeandika muzuri," mama akasema. Mimi huzungumza naye Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, siku zote, lakini siku hiyo alichagua Kiswahili chake cha sokoni, ili wageni wote wasikie. "Umesema nilifanya kazi, nikasomesha watu. Hiyo ni kweli. Lakini hapo mwisho umesema nimekufa watoto yangu wamenizunguka."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo watoto ni ya nani?"

Mimi ni mtoto wake wa pekee aliye hai, na tangu Krismasi sikuwa nimekanyaga pale. Mama aliendelea kunitazama, akingoja nimjibu.