Nailoni Juu ya Viti

Kazini walimwita Bi Upepo, naye hakukasirika. Miaka ishirini alichora majengo ya vioo yanayobugia umeme wa viyoyozi, mpaka akayachoka. Chuo kikuu kilipompa kazi ya kusanifu jengo la wahadhiri, alilichora la matofali ya udongo, na katikati akaacha ukumbi mpana wa kupitisha upepo. Akauwekea viti tele, ili mtu wa hesabu akutane na mtu wa kilimo wabishane mpaka wachoke.

Miezi mitatu ikapita, ukumbi mtupu. Mkuu wa chuo akampigia simu na hakumung'unya maneno: Jumatatu analeta fundi aukate vyumba. Bi Upepo alikosa usingizi. Ukuta mmoja tu pale, upepo umekwisha, na wahadhiri wataokwa kama mikate.

Jumatatu alidamka kwenda kujionea. Tangu akabidhi funguo hakuwa amekanyaga pale, asije akaonekana king'ang'anizi. Alimkuta mama wa usafi akifuta viti, na kila kiti bado kimevaa nailoni ya dukani. Kamba ilikuwa imezungushwa pande zote. Akauliza kulikoni.

"Tunamngoja mgeni rasmi aje akate utepe," alisema yule mama, aliyemfahamu tangu siku za ujenzi. "Kila mara anaahirisha. Mtu akitaka kukaa namfukuza. Kazi yako nzuri hivi, mwanangu, wakuchafulie?"

Bi Upepo hakujua acheke au alie. Angemlaumu vipi, na makochi yake mwenyewe nyumbani yalikaa na nailoni mwaka mzima yakisubiri wageni wa maana?

"Waache wanichafulie, mama," alisema. "Nakuomba."

Wakaanza kuchana nailoni, wawili hao, huku mama wa usafi akiguna kila kiti. Kamba nayo ikaenda. Saa tatu wanafunzi wawili waliketi kwa woga. Kufikia saa nne mhadhiri wa hesabu alikuwa anamchorea mwenzake wa kilimo kitu juu ya bahasha, na mwenzake anakataa katakata.

Viti vilipokuwa vimejaa, Mkuu akaingia na fundi. Fundi alivuta futi yake, akatazama magoti ya watu kila upande.

"Mzee, nipime wapi?"

Upepo ulimpepea Mkuu tai. "Rudisha futi yako," akasema.

Bi Upepo alifurahi, akatafuta pa kuketi. Hapakuwa na kiti hata kimoja kitupu.