Siku Tuliyompa Mama Bukuru Migongo

Baba yangu, mzee Shibuda, alitoka Shinyanga akifuata majani ya ng'ombe, akayapata huku Ngara, upande wa Nyakisasa. Ikaja operesheni ya vijiji, tukapangwa mistari. Wahangaza wenye nchi walikaa kitongoji cha ng'ambo ya bonde, sisi Wasukuma tukajaa cha huku. Nyumba ya jirani na yetu akapewa mwanamke mmoja aliyekimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili. Jina lake Speciose. Alikuwa mrefu, mwembamba, akitembea polepole kama amebeba maji kichwani hata pale asipobeba kitu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Bukuru.

Mama yangu, Nshoma, alimuuliza maana ya jina hilo. Akajibiwa ni pacha wa kwanza.

"Basi huyu ni Kulwa!" mama akafurahi. "Na Doto yuko wapi?"

Speciose akatazama upande wa mto Ruvuvu. Mama hakuuliza tena. Tangu hapo akamwita mtoto Kulwa, na mtoto akaitikia majina yote mawili.

Kwa wengine mambo hayakuwa mepesi hivyo. Tulilima shamba la kijiji pamoja, mihogo na maharage, na mchana rimu ya gari ikigongwa tulikaa chini kuzunguka ugali. Mama Bukuru alikunywa maji nasi, akacheka nasi, lakini chakula hakugusa. Alichukua kifurushi chake cha jani la mgomba akapotelea kwenye mihogo, akarudi amefuta mdomo.

Hilo liliwaudhi watu kuliko hata lafudhi yake. Secilia, mwanamke wa nyumba ya mwisho, alikuwa na ulimi mkali, akasema, "Anatuona wachafu huyo."

"Labda anaogopa sumu," mwingine akadakia.

"Anayeogopa sumu ni yule anayeijua!"

Wakacheka. Na neno la sumu likisemwa kwa kicheko leo, kesho linasemwa bila kicheko. Watoto wakakatazwa kupokea ndizi kwake. Hakuwa tena Mama Bukuru. Wakawa wanamwita Mkimbizi tu, kama vile sisi wengine tuliota hapo kama nyasi.

Ndipo vita ikaja, mwishoni mwa sabini na nane. Redio ya mwenyekiti wetu, ndugu Malongo, haikuzimwa tena. Ng'ombe walichangwa, vijana wa mgambo wakaenda, na ikatangazwa kwamba kila mgeni asiyejulikana aangaliwe. Mama Bukuru alikuwa amekaa nasi miaka, lakini watu walianza kumtazama kana kwamba ameingia jana.

Siku moja tukaambiwa lori la vijana wanaokwenda kaskazini litapita kwetu, wanawake wapike. Kila mmoja alileta chungu chake kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mama Bukuru alileta ndizi zilizopikwa na maharage, zimefunikwa kwa majani, harufu yake inakufuata hadi ulikosimama.

Secilia akasimama mbele ya chungu kile. "Mwenyekiti, hiki hakipandi lori. Watoto wetu wanakwenda kufa kwa risasi, wasife kwa tumbo."

Malongo hakuwa mtu mbaya, ila siku zile kila mwenye cheo aliogopa kulaumiwa. Akasema, "Mama, dawa yake ni ndogo. Pakua, ule mbele yetu sote. Tukishaona, yamekwisha."

Mama Bukuru alipakua kwenye bakuli la bati. Akashika kijiko. Akakitazama. Akakirudisha bakulini.

"Ndugu mwenyekiti," akasema taratibu, "niruhusu niingie mle ofisini. Nitamaliza lote."

"Ukatemee dirishani!" Secilia akapaza sauti.

"Kwetu mtu mzima hali machoni pa watu. Ni aibu. Siwezi."

Manung'uniko yakapanda. Malongo akakunja uso. "Basi chakula kimwagwe. Na wewe kesho utapelekwa wilayani ukaeleze wewe ni nani. Mji wako atapewa mwingine."

Nilimwona anatazama upande wa nyumba yake, ilipokuwa migomba aliyoipanda kwa mkono wake, ndiyo kwanza imeanza kuzaa vizuri. Hakulia. Alimshika tu Bukuru bega.

Ndipo mama yangu akainuka. Alikuwa mfupi, mnene, na sauti ya kuitia ng'ombe.

"Malongo!"

"Naam, mayu." Malongo alikuwa mkubwa kwa cheo, lakini kwa mama alikuwa mtoto.

"Juzi nilikuona unaruka mtaro na kujificha kwenye mihogo. Ulikuwa unakimbia nini? Chui?"

Watu wakaanza kucheka. Kila mtu alijua. Mama mkwe wake alikuwa anakuja njiani, na kwetu mwanamume hakutani ana kwa ana na mama mkwe, sembuse kula mbele yake.

"Mayu, hayo ni ya heshima," Malongo akasema chini chini.

"Haya. Mama mkwe wako huyu hapa, amekaa nyuma yangu. Chukua bakuli hilo, ule mbele yake. Ukila wewe, na huyu atakula."

Malongo akainamisha kichwa. Mama mkwe naye alijifunika kanga uso mzima, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Huwezi," mama akasema, safari hii kwa upole. "Na hakuna aliyekuita mchawi kwa ajili hiyo. Huyu mwenzetu ana mama mkwe wengi, ni sisi wote. Jamani, geukeni."

Yeye akawa wa kwanza kugeuka, akautazama mlima. Nami nikageuka. Kisha wanawake wengine, mmoja mmoja, na vikongwe kwenye mikeka.

"Sasa tutajuaje kama anakula?" Secilia akauliza.

"Huna masikio?"

Secilia akageuka. Malongo akawa wa mwisho. Tukasikia kijiko kikigonga bati, kwanza kwa woga, halafu kwa mwendo wake. Hakuna aliyechungulia.

Kijiko kiliponyamaza mama akageuka tena, akalichukua bakuli, akala yaliyobaki mbele ya macho ya watu wote, akalamba vidole.

"Chumvi imepungua," akasema. "Lakini ukimwaga hiki, Malongo, utanikuta."

Chungu kikapanda lori. Kesho yake hakuna aliyekwenda wilayani. Na shambani, rimu ilipogongwa, tulizoea kukaa tumetazama bondeni, na Mama Bukuru akala nyuma yetu, karibu kiasi cha kutusikia tukisengenya. Secilia alichukua muda, lakini naye alizoea.

Miaka mingi baadaye mama yangu aliugua, akakataa chakula. Nilibembeleza, nikashindwa. Siku moja nikiingia na maji nikamkuta Mama Bukuru, mvi tupu, ameketi kitandani kando ya mama, na bakuli la uji mzito mapajani. Alikuwa anakula. Kijiko kimoja chake, kijiko kimoja cha mama, wametazamana usoni.

Nikaweka maji chini, nikawapa mgongo.